Sahihi Juu ya Paji la Uso

Wiki yangu ya kwanza kazini niliweka sahihi ya bosi wangu kwenye picha za pasipoti za wanachuo. Si moja, zote. Nilizipanga kwenye karatasi, nikazichapa, nikazikata kwa mkasi, nikazitia kwenye bahasha, na kila mwanachuo akarudi zake chuoni Hombolo akiwa na jina la mtu mwingine limempita begani kwa maandishi meupe ya kuinama.

Naanza na hilo kwa sababu ninyi wawili, Neema na Jofrey, mnaokalia kompyuta zetu sasa, mmezoea kuambiana kwamba kaka Elia hakosei. Elia hukosea, kisha hapati usingizi. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu wengi huyachanganya. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja, na nilipowaambia mlicheka mpaka soda ikawapalia. Nami nilicheka pale daktari aliposema kifundo cha mkono wangu wa kulia kimechakaa kama cha mzee, na kwamba nikiendelea kushika mausi kutwa nitakuja kushindwa kushika kijiko. Basi nakwenda kuangalia mizabibu ya mama. Kabla sijaondoka naandika haya ya kazini. Vyeo sitavigusa, maana studio yetu ilikuwa na cheo kimoja na mwenyewe alikuwa amekikalia.

Mwenyewe huyo ni Mzee Rama, ambaye bado mnaye. Ni Msandawe wa Chemba, alijifunza Kiswahili darasani kwa mwalimu mkali, na mpaka leo anakisema kama mtu anayesahihishiwa. Sisi wengine tunasema saini. Yeye anasema sahihi. Na kitu kikiwa hakina kosa, pia anasema sahihi. Siku ile alikuwa Kondoa kwenye harusi, mimi niko peke yangu studio, akapiga simu, na mtandao unakatika.

"Za wanachuo ziwe sahihi, wasirudi hapa," akasema.

"Sahihi kama zile za harusi, Mzee?"

"Sahihi kabisa!"

Asubuhi yote kabla hajaondoka tulikuwa tukitengeneza sahihi yake na kuiweka kwenye picha za harusi. Ningefikiria nini kingine? Nikaweka. Wanachuo walirudi siku chache baadaye, wa kwanza dada mmoja mrefu aliyeweka bahasha mezani kwa vidole viwili.

"Kaka, mimi naitwa Happy. Kule kwenye usajili wananiuliza Ramadhani ni nani yangu."

Nilitaka ardhi inimeze. Mzee Rama aliporudi alizipanga zile picha mezani moja moja, akasema, "Angalau wakipotea tutajua ni wa wapi." Tukazirudia zote. Hakunikaripia, jambo ambalo kwa mtu kama mimi ni baya zaidi, maana ilibidi nijikaripie mwenyewe, na mimi sina kiasi.

Kazi hii sikusomea. Nilijifunza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kupitia video za mtandaoni ambazo mwalimu wake alikuwa akiongea Kihindi. Sikuelewa neno. Nilifuata mshale tu: ulipokwenda, nami nikaenda. Kwa hiyo nilijua kufanya vitu vingi vya programu ya picha bila kujua vinaitwaje. Mzee Rama kwa upande wake alijua vinaitwaje zamani za filamu, na hakujua viko wapi kwenye kompyuta. Tulielewana kwa kuonyeshana kidole kwenye kioo, na kioo kikawa na madoa ambayo niliyafuta kila jioni.

Studio mnaijua: Kizota, upande wa kushoto mchomeleaji wa mageti, upande wa kulia seremala wa vitanda na majeneza. Mchomeleaji akiwasha mashine yake, umeme wetu unapiga magoti. Nilijifunza kuhifadhi kazi kila nilipomsikia akivuta waya, na mpaka leo nikisikia chuma kikiburuzwa popote pale, vidole vyangu hutafuta kitufe cha kuhifadhi.

Sasa sahihi yenyewe, maana Jofrey aliniomba nieleze jinsi ilivyotengenezwa, na nilimjibu kwa haraka nikiwa na njaa. Mzee Rama alisaini kwa kalamu nyeusi nene kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari. Alisaini mara nyingi, tukachagua ile ambayo hakuifikiria. Tukaipiga picha karibu na dirisha, mchana, bila taa, ili kivuli cha mkono kisiingie. Kwenye kompyuta nikaongeza tofauti ya giza na mwanga mpaka karatasi ikawa nyeupe kabisa na wino mweusi kabisa, kisha nikaifuta ile karatasi, ikabaki sahihi peke yake ikielea bila kitu nyuma yake. Nikaihifadhi katika aina ya faili inayokubali kubaki na uwazi. Ukiihifadhi kwa aina ya kawaida ya picha, karatasi nyeupe inarudi, na kila utakapoiweka itaonekana kama plasta kwenye kidonda.

Mkia wa herufi ya mwisho ulinisumbua. Unatoka kwenye "i" ya Ramadhani na kurudi nyuma chini ya jina lote, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nilitaka kuunyoosha. Mzee aliona.

"Unafanya nini hapo?"

"Umepinda kidogo, Mzee."

"Ndivyo unavyokwenda. Uache mkia wangu."

Nikauacha. Lakini nakiri kwamba nina nakala iliyonyooshwa nyumbani, na ni nzuri zaidi.

Kuiweka kwenye picha ni rahisi kuliko kuitengeneza. Unaileta juu ya picha kama nailoni angavu iliyolazwa juu ya karatasi, hiyo tunaita leya. Unaifanya nyeupe kama chini pana giza, nyeusi kama chini ni kweupe. Unapunguza ukolezo wake mpaka ionekane kwa anayeitafuta na isimsumbue asiyeitafuta. Unaiweka chini kulia, si pembeni kabisa, maana fremu hula pembe. Kisha unahifadhi nakala mpya yenye jina jipya, na ile picha ya awali inabaki kama ilivyotoka kwenye kamera. Sentensi hiyo ya mwisho isomeni tena. Mimi niliisema kwa kila aliyepita hapo studio, kwa sauti ya mtu anayejua, kabla sijaivunja.

Ilikuwa hivi. Mwaka mmoja mvua zilikuwa nyingi, bonde la Bahi likajaa, na Mzee Rama akaenda kuyapiga picha mashamba ya mpunga yakiwa yamefunikwa na maji mpaka upeo wa macho, na wavuvi katikati ya mpunga. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizopiga tangu nimjue. Tuliiweka mtandaoni ikiwa na sahihi chini kulia. Kabla wiki haijaisha tuliiona kwenye ukurasa wa studio nyingine, imekatwa chini, sahihi haipo, na jina la mtu mwingine limeandikwa kwa herufi nyekundu zenye kivuli. Mimi kwa hasira nikawaandikia ujumbe mrefu wenye vipengele. Mzee Rama aliitazama simu, akanirudishia.

"Maji nimeingia mimi," akasema. Akaenda kufuta lenzi ambayo ilikuwa safi.

Sikuweza kuvumilia ile sauti. Nikaamua kwamba kila picha ya sampuli inayotoka studio kwa WhatsApp itakuwa na sahihi kubwa katikati, juu ya watu wenyewe, pasipoweza kukatwa. Wateja walilalamika. Mama mmoja wa Area C aliniuliza kama bwana harusi amepigwa bakora usoni. Nilimweleza kwamba ni sampuli tu, akilipia atapata safi. Na ili nisichoke, nikaifundisha programu kurudia kazi hiyo yenyewe: unafanya hatua zote mara moja ukiwa unarekodi, kisha unaielekeza kwenye folda, nayo inaweka sahihi kwenye kila picha iliyomo, ukubwa uleule, mahali palepale, ukinywa chai. Nilijiona mhandisi.

Katika hatua nilizorekodi, ya mwisho ilikuwa "hifadhi". Ilipaswa kuwa "hifadhi nakala". Siku zote nilikuwa nikiielekeza kwenye folda ya sampuli, kwa hiyo kosa halikuonekana. Siku moja niliielekeza kwenye folda halisi ya kipaimara cha Bahi, picha ambazo memori kadi yake ilikuwa imeshafutwa na kwenda kwenye kazi nyingine. Nikanywa chai. Picha zote za kipaimara kile zikapata sahihi ya Mzee Rama katikati, na chini yake hapakubaki kitu kingine. Sampuli zilishatumwa kwa wenyewe kwa simu. Barabara ilikuwa mbovu kwa mvua, hakuna aliyekuja kuchapiwa picha, na mimi sikujua nimefanya nini.

Nilijua siku walipokuja Mzee Mathayo na Eliza.

Eliza alikuwa amefiwa na baba yake, na Mzee Mathayo ni mdogo wa huyo marehemu. Waliingia asubuhi na vumbi la Bahi kwenye viatu. Niliwaamkia, Mzee Mathayo akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akavua kofia, akaiweka tena. Eliza akanipa simu yake. Kwenye kioo alikuwa baba yake siku ya kipaimara cha mjukuu, ameketi kwenye kiti cha plastiki, koti limefungwa vifungo vyote, anatazama kamera kana kwamba anaidai. Sahihi ilikuwa imempita usoni, na ule mkia umelala juu ya paji la uso.

"Tunaomba hii, ya kwenye fremu kubwa," akasema Eliza. "Tunamzika kesho."

"Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa. Hana picha nyingine, kaka. Alikuwa hapendi. Ya kwenye kitambulisho ana sura ya mtu aliyekamatwa."

"Hata mwenyewe alisema hivyo hivyo," akadakia Mzee Mathayo. "Alisema wamemkamata kweli."

Jeneza lilikuwa kwa seremala jirani yetu, linapigwa vanishi. Likikauka, pikapu inaondoka, na picha lazima iwe ndani ya pikapu. Nikafungua folda halisi kwa utulivu wa mtu anayejua pa kwenda. Nikaona sahihi. Nikafungua picha iliyofuata. Sahihi. Nilikwenda nyuma kwa Mzee Rama nikamwambia palepale, maana uso wangu ungemwambia kabla yangu. Akauliza, "Zote?" Nikasema zote. Akatoka, akawapa viti, akawaambia wazi kwamba studio imeharibu picha yao na kwamba kijana anajaribu kuitengeneza. Kisha akaagiza chai.

Nilichofanya kwanza ndicho mnachokifanya ninyi, na ndiyo sababu ya maandishi haya. Nilichukua ile brashi ya kuponya ngozi, inayochota ngozi safi ya jirani na kuipaka palipo na doa. Nikapita juu ya herufi zote taratibu, shavu, pua, na mwisho paji la uso. Kazi ilitoka vizuri. Ilitoka vizuri mno. Ngozi ilikuwa laini, mwanga umetulia, hakuna aliyeweza kusema kuwa pamewahi kuwa na maandishi. Katikati ya paji, chini ya mkia wa sahihi, palikuwa na kitu cheusi cha duara kama kigaga cha kidonda kilichopona. Nikakipaka nacho. Nikawaita.

Mzee Mathayo aliinama mpaka pumzi yake ikagusa kioo.

"Kazi nzuri," akasema. "Sasa huyu ni nani?"

Nilidhani ni utani. Eliza alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio.

"Alama ya baba iko wapi?"

"Alama gani, dada?"

Mzee Mathayo akavua kofia. Akapeleka uso wake ubavuni mwa kioo, sambamba na uso wa kaka yake, akaweka kidole katikati ya paji lake. Ilikuwa chale ya duara, nyeusi, ya zamani. "Hii hapa. Tulichanjwa siku moja, mimi nililia, yeye hakulia. Umeipeleka wapi?"

Nimekulia Dodoma. Nimewaona wazee wa Kigogo wenye alama hiyo maisha yangu yote, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya benki. Na kwenye kioo, ikiwa imekuzwa mara nne, niliiona kama doa.

"Kijana, kabila gani wewe?" akauliza Mzee Mathayo.

"Mhehe, Mzee. Baba alihamia huku kikazi."

"Ahaa!" Akamgeukia Eliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Si unaona? Mtani. Tumekaa tunakunywa chai, tumemkabidhi ndugu yetu kwa Mhehe, na Mhehe amemfuta!"

Eliza alicheka huku machozi yanamtoka. Mimi sikujua niweke wapi mikono. Wahehe na Wagogo wana ruhusa ya kutaniana hata msibani, hasa msibani, na mtu akikutania hivyo amekupokea. Lakini mimi huchukulia utani kama taarifa rasmi. Nikasema, "Nisameheni, nitairudisha," bila kujua nitairudisha kutoka wapi. Kuichora sikuthubutu. Ningeichora alama yangu mimi, si yake.

Mzee Rama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Rudi mwanzo," akasema. "Kabla hujapaka. Ikuze." Nikarudi mpaka sahihi ikaonekana tena. "Chini ya wino unaona nini?"

"Naiona ngozi kwa mbali. Na alama."

"Unaiona?"

"Hafifu."

"Basi haijafutika," akasema, akaenda kuwaongezea chai.

Nilikaa na hilo. Sahihi haikuwa imefunika ngozi, ilikuwa imeichanganya na weupe, sawa na maziwa kwenye chai. Na weupe ule niliujua. Nilikuwa nao kwenye faili. Nilijua ukolezo wake, maana niliuchagua mwenyewe, na nilijua ukubwa na mahali pake, maana programu haikosei mahali, hata inapokosea kila kitu kingine. Nikaichukua sahihi ileile ya Mzee Rama, nikailaza juu ya sahihi iliyokuwa usoni, na ikaketi juu yake bila kuachana hata unywele. Nikalitumia umbo lake kama uzio: chochote nitakachofanya kifanyike ndani ya herufi tu, nje kusiguswe. Kisha nikaanza kuuondoa weupe ndani ya uzio, kidogo kidogo, mpaka ngozi ya ndani ikafanana na ya nje.

Shavu lilirudi kwanza, na makunyanzi yake, ambayo brashi yangu ilikuwa imeyala. Kisha pua. Paji la uso nililiacha mwisho kwa woga. Alama ilitoka kama kivuli, halafu ikawa duara, halafu ikawa ileile iliyokuwa imekaa kwenye kiti nyuma yangu ikinywa chai.

Ulibaki uzi. Kwenye kingo za herufi, picha ilipobanwa wakati wa kuhifadhiwa, palibaki mstari mwembamba usiokubali kutoka. Kwa mbali huuoni. Mimi niliuona, na nikishauona kitu kama hicho sioni kingine. Ulipita juu ya alama yenyewe, ukaikata kama waya. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye brashi. Mpako mmoja tu.

Seremala akaja mlangoni, akamwambia Mzee Mathayo kwamba tayari.

"Kuna uzi hapa," nikamwambia Eliza. "Naweza kuuondoa, lakini nitaigusa alama kidogo. Nikipata saa moja hivi..."

Alikuja akasimama karibu nami, akatazama. Yeye alikuwa akimtazama baba yake, mimi nikitazama ule uzi.

"Ni yeye," akasema. "Acha hapo. Usimguse tena, kaka, nakuomba."

Mzee Mathayo naye akainama. "Huu mstari ndiyo sahihi yenu?"

"Ndiyo, Mzee. Haikutoka yote."

"Mwacheni aende nayo. Huko wakimuuliza katokea wapi, atasema Kizota."

Tulichapa, tukatia kwenye fremu, Mzee Rama akafuta kioo kwa shati lake mwenyewe. Eliza aliibeba kifuani, uso wa baba yake ukitazama mbele, wakatoka. Nilisimama mlangoni mpaka pikapu ilipopinda, kisha nikarudi ndani, nikafungua picha ile na kuutazama uzi. Sikuugusa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya pale, na haionekani popote.

Familia nyingine za kipaimara kile tuliziita moja moja, tukawaeleza, tukawasafishia kwa njia ileile. Katika picha kadhaa uzi umebaki. Mkikutana nao, msidhani ni uzembe.

Haya ndiyo yaliyobadilika. Picha zikitoka kwenye kamera zinakwenda kwanza kwenye diski ambayo programu ya kuhariri haiwezi kuandika juu yake, na memori kadi haifutwi mpaka mwenye picha awe ameichukua. Sahihi inakaa kwenye nguo, ukuta au ardhi, na ikikatwa na wezi, basi imekatwa. Usoni haipiti tena. Na hakuna doa, kovu, chunusi wala alama inayoondolewa kwenye uso wa mtu studio kwetu mpaka yeye, au anayemfahamu, aulizwe kwanza: hiki ni chake?